Kuhifadhi Siga katika Unyevu Unaofaa: Mwongozo Kamili kwa Wakazi wa Pwani na wa Bara

Maelekezo mengi ya kuhifadhi siga yaliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako nyumba hupashwa joto wakati wa baridi na hewa ya ndani hukauka mno, na ndiyo maana shauri lao la kwanza huwa ni kuongeza maji. Mkazi wa Tanga, Mombasa au Unguja akilifuata shauri hilo kama lilivyo, siga zake zitaota ukungu kabla masika hayajakwisha. Huku pwani kazi kubwa ni kuuzuia unyevu wa nje usiingie na kulidhibiti joto. Nairobi, Arusha, Dodoma na nyanda za juu kazi ni kinyume chake kwa miezi kadhaa ya mwaka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya yote mawili, na unamlenga mtu mzima ambaye amekwisha kuamua kuvuta huku akiyajua madhara ya tumbaku kwa afya.

Kwa nini unyevu huamua namna siga inavyoungua

Siga ninayoizungumzia hapa ni ile sigara nene iliyoviringwa kwa majani ya tumbaku pekee, bila karatasi wala kichungi. Ina sehemu tatu: majani ya ndani yanayoijaza, jani la kufungia linaloyashika majani hayo yasitawanyike, na jani la nje, jembamba na laini, ambalo ndilo linaloonekana. Majani ya ndani nayo hayafanani. Yale yaliyochumwa sehemu ya juu ya mche, ambayo watengenezaji wa Cuba huyaita ligero, ni mazito, yana mafuta mengi na huungua polepole, kwa hiyo mviringaji huyaweka katikati kabisa. Yale ya chini, yaitwayo volado, yana ladha hafifu lakini hushika moto upesi, na kazi yake ni kuufanya moto uendelee. Mviringaji hodari huyapanga majani hayo ili yaungue kwa mwendo mmoja, na hesabu yake yote imejengwa juu ya dhana kwamba yatakuwa na kiasi fulani cha maji siku yatakapowashwa.

Jani la tumbaku hunyonya maji kutoka hewani na kuyarudisha hewani mpaka lilingane na hewa inayolizunguka. Likilowa kupita kiasi, moto hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuyachemsha maji kabla ya kuliunguza jani lenyewe, kaa hufifia, mvuke huingia mdomoni pamoja na moshi, na yale majani mazito ya katikati, ambayo hata yakiwa katika hali njema huungua kwa kusitasita, huzimika kabisa. Zaidi ya hayo, majani ya ndani yaliyolowa huvimba, njia za hewa huziba, na mvutaji hulazimika kuvuta kwa nguvu. Wakati mwingine jani la nje hupasuka kwa sababu ya mvimbo huo. Siga iliyokauka huungua haraka na kwa moto mkali, moshi wake huwasha koo, na jani la nje huvunjika vipandevipande linaposhikwa. Ubaya wa ukavu ni kwamba mafuta yanayoleta harufu hupotea pamoja na maji. Maji unaweza kuyarudisha, mafuta hayarudi.

Mkulima wa Urambo anayefunga marobota ya tumbaku analijua jambo hili kuliko wavutaji wengi: jani likiwa kavu mno huvunjika mikononi wakati wa kupanga madaraja, na likiwa na maji mengi robota huvunda. Tumbaku yake ni ya kutengenezea sigara za kawaida, lakini tabia ya jani ni ileile.

Kiwango kinachotajwa kila mahali ni unyevu wa asilimia 70 katika nyuzi 21 za Selsiasi, ambazo ni sawa na nyuzi 70 za Farenhaiti, na nadhani ulinganifu wa namba hizo umechangia sana kuufanya ushauri huo usiulizwe maswali. Kwa kuhifadhi siga kwa miaka katika chumba chenye ubaridi, kiwango hicho si kibaya. Kwa siga utakayoivuta ndani ya miezi michache ijayo, na hasa katika nyumba yenye joto la nyuzi 26 au zaidi, ni kikubwa mno. Anza na asilimia 65. Siga za Cuba wengi huziweka kati ya asilimia 62 na 65, na kwa uzoefu wangu hapo ndipo zinapoungua vizuri zaidi. Zile za Nikaragua na Jamhuri ya Dominika zenye jani la nje nene zinaweza kuvumilia hadi asilimia 68 bila tatizo. Chini ya asilimia 60 usishuke kwa muda mrefu, na juu ya asilimia 72 usipande hata kidogo.

Hatua ya kwanza: pata kipimaunyevu unachoweza kukiamini

Watu wengi huanza kwa kununua sanduku zuri, kisha hutegemea kile kisaa cha mshale kilichobandikwa kwenye mfuniko. Visaa hivyo vingi ni pambo. Nunua kipimaunyevu cha kidijitali, kidogo, kinachotumia betri ya kidonge na kinachoonyesha joto pamoja na unyevu, kisha usikiamini mpaka umekijaribu kwa chumvi.

Jaribio la chumvi halina gharama na lina msingi thabiti wa kikemia: hewa iliyofungiwa pamoja na chumvi ya mezani iliyoloweshwa bila kuyeyuka yote hutulia kwenye unyevu wa asilimia 75, na kiwango hicho hakibadiliki sana ikiwa joto liko kati ya nyuzi 20 na 30. Chukua kizibo cha chupa ya maji, kijaze chumvi, kisha dondosha maji machache huku ukikoroga kwa kijiti mpaka chumvi yote ilowe na kushikamana. Ukiona maji yamesimama juu yake, umezidisha, ongeza chumvi. Weka kizibo hicho ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko cha kubana, weka kipimaunyevu kando yake bila kugusana na chumvi, funga, na uiache mahali ambapo jua na upepo wa kiyoyozi havifiki. Miongozo ya nje husema utumie mfuko wa plastiki wa zipu, lakini chupa ya kioo hufunga vizuri zaidi, na kwa hali ya marufuku ya mifuko ya plastiki, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, chupa ndiyo rahisi kuipata.

Baada ya saa 24 soma namba bila kufungua kifuniko, kwa sababu ukikifungua tu hewa ya chumbani huingia na namba hubadilika ndani ya dakika moja. Kikisoma 75, kiko sawa. Kikisoma 71, kinapunguza nne, kwa hiyo kila utakachokisoma baadaye ukiongezee nne. Andika tofauti hiyo kwenye kipande cha plasta na uibandike nyuma ya kifaa, maana baada ya miezi mitatu hutakumbuka ilikuwa kuongeza au kupunguza. Vipo vifaa vyenye kitufe cha kusahihisha, na hivyo ni bora. Rudia jaribio kila unapobadilisha betri.

Hatua ya pili: chagua chombo kisichopitisha hewa

Hyumido, yaani sanduku la mbao lililotengenezwa mahususi kwa siga, lina sifa kubwa na bei kubwa. Katika mazingira yetu mimi hulipatia nafasi ya pili. Sanduku la mbao hupumua kidogo hata likiwa limetengenezwa vizuri, na pwani, ambako asubuhi za masika unyevu wa nje hupita asilimia 85, kila pumzi yake ni maji yanayoingia. Kontena la plastiki la kuhifadhia chakula, lile lenye mpira kwenye kifuniko na vibanio pande zote nne, hufanya kazi vizuri zaidi kwa sehemu ndogo ya gharama. Mwenye siga nyingi atumie sanduku la barafu, lile la kubebea samaki na soda, kwa sababu kuta zake nene huzuia pia joto lisipande na kushuka kwa ghafla. Liwe jipya, maana lililowahi kubeba samaki halifai tena kwa kazi hii, liogeshwe litakavyoogeshwa.

Chombo chochote kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo na manukato, kikaushwe kabisa, kisha kifungwe kitupu kwa siku mbili. Fungua na unuse. Ukisikia harufu ya plastiki, kiache wazi kwa wiki nzima na ujaribu tena, kwa kuwa tumbaku hunasa harufu yoyote inayofungiwa pamoja nayo.

Kwa sababu hiyohiyo, kasha la Zanzibar lenye misumari ya shaba, lipendeze namna gani, si mahali pa siga: mbao zake hazibani na mara nyingi limewahi kutunzia nguo zilizofukizwa udi. Mbao za mtarakwa na za mkamfori nazo ziepukwe kwa ukali wa mafuta yake. Mbao inayofaa ni ile iitwayo mwerezi wa Kihispania, ambayo kwa kweli haina uhusiano na mwerezi wala na Hispania. Ni *Cedrela odorata*, mti wa Amerika ya kitropiki ulio katika ukoo mmoja na mkangazi. Mti huu uliletwa Afrika Mashariki kama mti wa mbao, na katika msitu wa Kimboza mkoani Morogoro umesambaa mpaka ukawa kero kwa wahifadhi. Fundi seremala anayeujua anaweza kukuchania vibao vyembamba vya kupanga ndani ya kontena. Viwe vimekauka vizuri, vipigwe msasa, na visipakwe vanishi wala rangi. Asiyepata mbao hiyo aombe maboksi matupu katika duka la siga au hotelini na kuyavunja, kwa kuwa mengi yametengenezwa kwa mbao hiyohiyo. Kazi ya vibao hivi si harufu peke yake: hunyonya unyevu unapozidi na kuurudisha unapopungua, hivyo mabadiliko ndani ya kontena huwa ya polepole.

Ukiamua kununua hyumido, au tayari umezawadiwa, mbao zake zinapaswa kushibishwa unyevu kabla ya siga kuingia, la sivyo zitanyonya maji kutoka kwenye siga zako. Njia salama ni kuweka ndani pakiti za unyevu za asilimia 84, kufunga, na kuliacha sanduku kwa siku 14 bila kulifungua. Ile njia ya zamani ya kuzipangusa kuta kwa kitambaa kilicholowa hupindisha mbao na kuacha mianya kwenye mfuniko. Ukiwa pwani na sanduku limekaa wazi dukani wakati wa mvua, huenda limekwisha kushiba lenyewe. Fungia kipimaunyevu ndani kwa siku mbili uone kabla ya kuliongezea chochote.

Hatua ya tatu: weka chanzo cha unyevu kinachotoa na kunyonya

Hapa uchaguzi si mgumu. Tumia pakiti za unyevu za pande mbili, kama zile za Boveda, ambazo ni mifuko midogo yenye maji na chumvi maalumu ndani ya utando unaopitisha mvuke lakini haupitishi maji. Zinafuata kanuni ileile ya jaribio la chumvi hapo juu, isipokuwa chumvi huchaguliwa ili hewa itulie kwenye asilimia iliyoandikwa kwenye pakiti: 62, 65, 69, 72 na kadhalika. Hewa ikikauka zinatoa maji, ikilowa zinanyonya. Kwa kontena lisilopitisha hewa chukua za 65, au za 62 ikiwa nyumba yako ina joto. Za 69 na 72 ziachie masanduku ya mbao ya Nairobi na Arusha, ambayo hupoteza unyevu kidogo kidogo kupitia mfuniko.

Kipimo kinachopendekezwa ni pakiti moja ya gramu 60 kwa kila siga 25 ambazo chombo kinaweza kubeba, na hesabu hiyo ni ya uwezo wa chombo, hata kama kwa sasa una siga tano tu. Kuzidisha pakiti hakuzidishi unyevu. Hufanya tu zidumu zaidi. Usichanganye pakiti za asilimia tofauti katika chombo kimoja, kwa sababu ya 69 itakuwa ikitoa maji na ya 62 ikiyanyonya mpaka zote mbili zichoke.

Zishike pakiti zako kila mwezi, maana zinasema mengi. Iliyokwisha huwa ngumu na nyembamba, chembe zake zinasikika chini ya vidole, na hiyo ni dalili ya kawaida kwa mtu wa bara. Pwani utaona kinyume: pakiti huvimba na kuwa nzito kuliko ilivyokuwa mpya. Maana yake ni kwamba imekuwa ikinyonya, na kama haijatokana na siga zilizoingia zikiwa zimelowa, basi kifuniko chako kinavuja. Usihangaike kununua pakiti nyingine kabla hujaukagua mpira wa kifuniko.

Sponji na jeli za kumwagiwa maji zinauzwa bado, na hutoa maji bila kuyanyonya, kwa hiyo pwani hazina kazi. Mtu wa Dodoma au Iringa anayelazimika kuzitumia wakati wa kiangazi azitilie maji yaliyokenekwa tu, kwa kuwa maji ya bomba huacha chokaa na huleta vijidudu vya ukungu. Maji hayo yanapatikana kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kwa jina la maji ya betri, lakini uliza mara mbili: baadhi ya wauzaji huiita asidi ya betri kwa jina hilohilo.

Joto, umande na mbawakawa

Watu huzungumzia unyevu na kulisahau joto, ilhali kwa nyumba nyingi za pwani joto ndilo linaloharibu siga mapema zaidi.

Asilimia ya unyevu hupimwa kwa kulinganisha maji yaliyomo hewani na kiasi cha juu ambacho hewa hiyo inaweza kubeba, na hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa baridi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 65 ikipoozwa mpaka nyuzi 22 hufikia ukomo wake na kuanza kutoa umande. Sasa fikiria chumba ambacho mchana kimefungwa na kupata joto, kisha usiku kiyoyozi huwashwa kwa saa nane: kuta za kontena hupoa kwanza, na asubuhi utakuta matone upande wa ndani wa kifuniko, huku siga zilizogusana na ukuta zikiwa na madoa ya maji. Kosa si la pakiti. Kontena lihamishwe kwenye chumba ambacho joto lake halibadilikibadiliki, hata kama ni nyuzi 27 mfululizo, liwekwe chini ndani ya kabati la ukuta wa ndani, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Nyuzi 27 zisizobadilika ni afadhali kuliko 21 za usiku na 31 za mchana. Likiwa ndani ya sanduku la barafu, mabadiliko hupungua zaidi.

Friji ya jikoni isitumike kama ghala. Friji nyingi za siku hizi hukausha hewa ili barafu isigande, na harufu ya vitunguu hupenya mahali ambapo hukutarajia. Majokofu madogo ya mvinyo yanafaa, ikiwa siga zitakuwa ndani ya vyombo vilivyofungwa na ikiwa umeme wa eneo lako ni wa kuaminika.

Joto linaleta pia mdudu. Mbawakawa wa tumbaku, *Lasioderma serricorne*, ni mdudu wa kahawia mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3, na mayai yake huweza kuwa ndani ya jani tangu kiwandani bila kuonekana. Chini ya nyuzi 20 ukuaji wake hudorora sana. Kadiri joto linavyoikaribia nyuzi 30 ndivyo anavyozaana kwa kasi, nayo ndiyo hali ya kawaida ya Dar es Salaam na Mombasa tangu Desemba hadi Machi. Funza wake hutafuna njia ndani ya siga, kisha mdudu mzima hutoka kwa kutoboa tundu la mviringo, safi, la kipenyo cha milimita moja au mbili. Siga yenye tundu la namna hiyo huvuta hewa pembeni na haiwezi kuungua sawasawa tena. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mdudu huyu hali tumbaku peke yake: hupatikana pia kwenye viungo vikavu, bizari, pilipili na tangawizi ya unga, kwa hiyo stoo ya jikoni katika nyumba ya Kiswahili ni mahali pabaya kuliko pote pa kuweka siga.

Wazalishaji wengi wakubwa huzigandisha siga kabla ya kuzisafirisha ili kuwaua wadudu. Siga zilizonunuliwa kwa mtu binafsi, au zilizokaa kwenye gari lenye joto au ghala la mizigo, nakushauri uzigandishe mwenyewe. Zifunge ndani ya kontena dogo linalojaa, ili hewa iliyobaki iwe kidogo, kisha uliingize kwenye friji kwa siku moja, lihamishie kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne, lirudishe kwenye friji siku moja, na mwishowe uliache mezani kwa saa kadhaa kabla ya kulifungua. Ngazi hizo za polepole ndizo zinazozuia jani la nje lisipasuke, na kutofungua mapema huzuia umande usitue juu ya siga baridi. Umeme ukikatika kwa saa nyingi katikati ya zoezi, anza kuhesabu siku za friza upya.

Siga mpya zinapofika

Siga zilizotoka safarini, iwe ni Havana kupitia Ulaya au duka la uwanja wa ndege wa Dubai, zimepita katika hewa kavu sana ya ndege na katika joto la mizigo. Zisivutwe siku hiyo. Zitenge na zile za zamani kwa wiki mbili katika chupa yao wenyewe yenye pakiti ndogo ya gramu 8, ili kama kuna ukungu au mdudu ajionyeshe kabla ya kuzifikia nyingine. Karatasi angavu ya kufungia unaweza kuiacha. Inapitisha mvuke polepole na huzuia jani la nje lisikwaruzane. Siga zilizotiwa manukato ya vanila au kahawa zisikae kamwe na zile za kawaida.

Namna ya kujua kwamba siga imetulia ni kuipima uzito. Mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu inatosha. Chagua siga moja, iandike alama kwenye pete yake ya karatasi, na uipime kila wiki saa ileile. Mwanzoni uzito utapanda au kushuka. Ukiona wiki mbili mfululizo namba haijabadilika, siga imelingana na hewa ya chombo, na hapo ndipo asilimia unayoisoma kwenye kipimaunyevu inapokuwa pia habari ya siga. Kabla ya hapo kipimaunyevu kinakueleza hali ya hewa tu, na hili ndilo linalowachanganya watu wanaosema namba zao ni nzuri lakini siga zinazimika.

Kuokoa zilizokauka na zilizolowa

Iliyokauka irudishwe polepole. Iweke kwanza na pakiti ya 62 kwa wiki tatu, kisha ya 65, na uizungushe robo mzunguko kila wiki. Ukiiharakisha kwa kuiweka karibu na maji, jani la nje hunyonya kwanza na kupasuka. Iliyolowa nayo ipite njia hiyohiyo ya pakiti ya 62, bila kuwekwa juani wala mbele ya feni.

Ukungu ni suala jingine. Vumbi jeupe linalofutika kwa brashi laini bila kuacha doa mara nyingi husifiwa kuwa ni dalili ya siga iliyokomaa. Mimi hulichukulia kuwa ni ukungu unaoanza, nalifuta, nashusha unyevu, na kuiangalia siga hiyo kwa wiki kadhaa. Wenye manyoya, au wa kijani na bluu, hauna mjadala. Ukiwa umeingia kwenye ncha ya kuwashia, itupe. Osha kontena, pangusa vibao kwa spiriti isiyo na rangi, vianike mpaka harufu iishe.

Kabla ya kuwasha, na unapoona moto unakwenda vibaya

Siga iliyohifadhiwa juu ya asilimia 67 itoe siku moja au mbili kabla ya kuivuta na uiweke kwenye boksi kavu la mbao lisilo na pakiti. Hii ni kwa mtu wa bara au wa chumba chenye kiyoyozi. Pwani, kuiacha nje ni kuilowesha, kwa hiyo tumia kontena la pili lenye pakiti ya 58. Ibonyeze taratibu kwa vidole viwili kuanzia ncha ya kuwashia hadi kichwani, upande wa mdomo: inapaswa kubonyea kidogo na kurudi, bila kutoa mlio wa kukatika na bila sehemu moja kuwa laini kuliko nyingine.

Moto ukienda vibaya, soma unavyokwenda. Ikizimika mara kwa mara na moshi ukawa mzito wenye mvuke, imelowa. Ikiungua ndani huku jani la nje likibaki nyuma, ni jani la nje ndilo lililolowa, na mara nyingi sababu yake ni kuitoa kwenye chumba baridi na kuiwasha papo hapo kwenye baraza yenye hewa nzito. Ikiwa ya moto, chungu, na ukaimaliza kwa nusu ya muda wake wa kawaida, imekauka. Ikiwa ngumu kuvuta lakini zenzake za boksi lilelile ziko sawa, lawama ni ya mviringaji.

Ikiungua upande mmoja tu, kwanza angalia umekaa wapi. Upepo wa baharini unaopiga siga ubavuni utaupeleka moto upande huo hata kama unyevu wake ni sahihi kabisa. Geuza kiti, uivute siga ya pili kutoka chombo hichohicho mahali palipotulia, na ukiona nayo inafanya vilevile, ndipo urudi kukagua pakiti na kipimaunyevu.